TAFAKARI YA JUMA: Nani Atausoma Waya wa Zamani?



Wapendwa wasomaji, juma hili naomba tutafakari kitu ambacho kwa kawaida hatukitazami, kwa kuwa kimefichwa ukutani na darini. Nazungumzia nyaya za umeme, hususan zile za zamani, pamoja na mafundi wanaozifahamu, ambao idadi yao inapungua mwaka hadi mwaka. Huenda mmoja wenu akauliza: Paroko ana nini na nyaya? Jibu ni jepesi. Moto ukizuka katika zahanati, katika bweni la shule au katika nyumba ya mjane, wa kwanza kuitwa ni fundi na wa mwisho kuitwa ni padre. Mimi napenda tuzungumze kabla ya kufikia huko.

Mkoa wetu wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, ulikaa muda mrefu nje ya gridi ya taifa. Mji wa Mpanda uliwashwa kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, hata ikajengwa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Kwa upande wa vijiji, Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, umesimamisha nguzo mahali ambapo wazee wetu hawakutazamia kuziona. Ada ya kuunganishiwa kwa wateja wa vijijini iliwekwa shilingi 27,000. Hapa Mwamkulu, ambako mpunga ndio uti wa mgongo wa kila kaya, tunajua maana ya mashine ya kukoboa inayozunguka kwa umeme badala ya dizeli. Kwa hayo yote tunashukuru.

Lakini umeme umekuja kwa mwendo wa kasi kuliko ufundi wa kuulea. Na mahali ambapo pengo hilo linaonekana wazi zaidi si katika nyumba mpya, bali katika majengo ya zamani: ofisi za serikali, nyumba za reli, shule kongwe, majengo ya misheni, na nyumba za watu binafsi ambazo zilisukwa nyaya enzi za jenereta, zikaongezwa vyumba, zikaongezwa soketi, na hatimaye zikaunganishwa na nguzo iliyo barabarani. Ndani ya ukuta mmoja unaweza kukuta vizazi vitatu vya nyaya vikiwa vimeungwa pamoja kwa tepe.

Nieleze kidogo, ili tuwe na uelewa mmoja. Nyaya za majumbani za zamani hazikuwa na ganda la plastiki tulilolizoea leo. Zilivikwa mpira, mara nyingine na kitambaa juu yake, na nyingine zilifunikwa kwa gamba la madini ya risasi. Mpira ule ukikaa miaka mingi katika joto la dari la bati hukauka na kuwa kama udongo mkavu. Usipouguswa, waweza kuendelea kufanya kazi. Siku fundi akiukunja ili afunge swichi mpya, unapasuka na kumwagika unga, na shaba inabaki uchi ndani ya ukuta. Fundi huyo amekwisha funga swichi yake, taa inawaka, analipwa, anaondoka. Hatari ameiacha nyuma ya plasta, na wala hana habari.

Tena, vipimo vyake vilikuwa vingine. Kabla ya milimita za mraba, nyaya zilitajwa kwa idadi ya nyuzi na unene wa kila uzi kwa inchi. Mafundi wazee bado husema 3/029 na 7/029, maana yake nyuzi 3 au nyuzi 7, kila mmoja ukiwa na unene wa inchi 0.029. Ukifanya hesabu, 3/029 ni kama milimita za mraba 1.3, na 7/029 ni karibu 3. Hakuna waya wa kisasa unaolingana nao barabara. Kijana aliyefundishwa 1.5, 2.5 na 4 tu anapouona ule wa nyuzi 7, anaweza kudhani ni wa 4 kwa sababu umejaa mkononi, akaufungia kikata umeme kikubwa kuliko uwezo wake. Waya utapata moto kabla ya kikata umeme kushtuka.

Jambo la tatu ni rangi, na hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Nchi yetu ilirithi utaratibu wa Kiingereza. Katika utaratibu huo wa zamani, waya wa moto ni mwekundu, nyutro ni nyeusi, na erthi ni ya kijani, baadaye kijani na njano. Penye fezi tatu, rangi za moto ni nyekundu, njano na bluu. Mwaka 2004 Uingereza yenyewe ilianza kuhamia rangi za Ulaya, na kuanzia mwezi Aprili 2006 kazi mpya zote kule hazikuruhusiwa kutumia rangi za zamani. Katika utaratibu mpya waya wa moto ni wa kahawia, nyutro ni bluu, na penye fezi tatu rangi za moto ni kahawia, nyeusi na kijivu.

Someni tena sentensi hizo mbili polepole. Nyeusi, iliyokuwa nyutro, sasa yaweza kuwa moto. Bluu, iliyokuwa moto wa fezi ya tatu, sasa ni nyutro. Rangi hazikubadilika tu, zilibadilishana viti. Na kwetu sisi tunaonunua vifaa kutoka pande zote za dunia, mkanganyiko hauishii hapo. Katika mitambo iliyotengenezwa kwa kanuni za China, fezi tatu ni njano, kijani na nyekundu. Kijani, ambayo mzee wetu aliijua kuwa ni erthi, pale ni waya wa moto. Vifaa vya Marekani vinavyofika katika makontena ya misaada huwa na nyeusi kwa moto na nyeupe kwa nyutro, tena vingi ni vya volti 120.

Tuchukue mfano wa mashine ya kukoboa mpunga iliyosukwa zamani kwa fezi tatu. Mwenye mashine anataka soketi moja ya kuchajia simu na kuweka jokofu la soda. Anamwita kijana mwenye bidii, aliyesoma vizuri rangi mpya. Kijana anafungua bodi, anaona waya wa bluu, anauchukua kuwa nyutro, na mwekundu anautambua kuwa wa moto. Anafunga soketi. Kati ya nyutro na fezi kuna volti 230; kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Jokofu litaungua siku hiyo hiyo, na huenda hasara ikaishia kwenye jokofu. Mfano huo huo uhamishieni katika zahanati, penye jokofu la chanjo, au katika chumba cha kujifungulia. Kijana yule si mvivu wala si mjinga. Alitenda sawasawa na alivyofundishwa. Hakuna aliyemfundisha kwamba ukuta una historia.

Parokiani kwetu yupo mzee mmoja, fundi umeme mstaafu, ambaye hupenda kukaa kibarazani baada ya Misa. Siku moja nilimwomba aangalie taa za chumba kimoja zilizokuwa zikizima zenyewe. Alipofungua kisanduku cha maungio hakushika bisibisi wala tepe. Alikaa kimya kama dakika mbili akitazama tu, kisha akasema: "Baba Paroko, hapa walipita watu watatu. Wa kwanza alijua kazi, wa pili alikuwa na haraka, wa tatu hakuwa na testa." Nilimwuliza amejuaje. Akanionesha namna nyuzi za kwanza zilivyosokotwa kwa mpangilio na kulehemiwa kwa risasi na bati, za pili zilivyosokotwa bila kulehemiwa, na za tatu, waya wa alumini uliofungwa moja kwa moja juu ya shaba. "Alumini na shaba hazipendani, Baba," akaniambia. "Pakiingia unyevu zinalana, maungio yanalegea, yanapata joto. Taa zako hazizimi kwa bahati mbaya." Nikamwuliza ni kijana gani amemfundisha hayo. "Watoto wangu wote wako Dar es Salaam," akajibu, "na vijana wa hapa wananiita pale tu kazi ikiwashinda."

Kwa nini ujuzi wa namna hii unapotea? Wengi hukimbilia kusema kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kazi. Mimi siafikiani nao. Naona sababu tatu, na katika zote sisi wenye nyumba tumo.

Sababu ya kwanza ni njia ya kujifunzia. Fundi wa zamani alianza kama msaidizi, akabeba ngazi na kukata nyaya kwa miaka kadhaa, akapanda kwa majaribio ya ufundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Sheria ya mwaka 1994 ilituletea VETA, na kwa hakika imefungua milango kwa maelfu ya vijana, wasichana wakiwemo, ambao zamani wasingepata nafasi. Lakini chuo hufundisha kwa vifaa vipya juu ya ubao mpya, na ndivyo inavyopaswa kuanza. Waya wa mpira uliokauka hauuzwi dukani ili mwalimu auninginize darasani. Ule hujifunzwa mahali ulipo, mkono wa kijana ukiwa karibu na mkono wa mzee. Mafunzo ya kazini ndiyo yangeziba pengo hilo, lakini ni wangapi kati yetu tunaokubali kumlipa fundi pamoja na mwanafunzi wake?

Sababu ya pili ni namna tunavyolipa. Kazi ya kusuka nyaya hulipwa kwa pointi: taa ni pointi, soketi ni pointi. Hesabu hiyo ni rahisi na kila mtu anaielewa, lakini haina nafasi ya ukaguzi. Fundi anayefunga soketi kumi kwa siku moja anapata fedha ya soketi kumi. Fundi anayetumia siku nzima kufungua visanduku vya maungio, kuondoa nyaya zilizooza na kupima ubora wa zilizobaki hana pointi hata moja ya kudai. Kwa hiyo tunalipa haraka na kuinyima malipo subira, halafu tunashangaa kwamba mafundi wenye subira wamekwisha. Mtu hufuata mahali palipo na mkate wake, na hatuwezi kumlaumu kwa hilo.

Sababu ya tatu ni muhuri. Sheria inataka kazi ya umeme ifanywe na mtu mwenye leseni, nayo EWURA ndiyo yenye mamlaka ya kuzitoa kwa madaraja. Mteja anayeomba umeme hutakiwa kuwa na mchoro uliogongwa muhuri wa mkandarasi anayetambulika. Utaratibu huo ni mzuri. Lakini kila mmoja wetu amesikia habari za muhuri unaosafiri peke yake, mwenye muhuri akiwa hajafika kwenye nyumba. Muhuri wa namna hiyo huiridhisha karatasi tu. Na mzee aliyejifunza kwa mikono yake miaka thelathini, asiye na cheti, hubaki nje ya utaratibu, huku karatasi yenye muhuri ikipita mlangoni.

Msidhani kwamba jambo hili ni la Mwamkulu tu. Kisiwa cha Unguja kilikuwa kikipata umeme kutoka Bara kwa kebo ya chini ya bahari iliyolazwa mwaka 1980. Mwezi Mei 2008 umeme huo ulikatika, na kisiwa kikakaa takriban mwezi mmoja bila umeme wa gridi. Mwezi Desemba 2009 ukakatika tena, safari hii kwa muda wa miezi mitatu hivi, hadi Machi 2010. Kazi ya kutengeneza ilihitaji wataalamu na vifaa kutoka ng'ambo, na kusubiri kwao kulikuwa ni giza kwa watu wote. Kebo mpya yenye uwezo wa megawati 100 ilikuja mwaka 2013. Mchumi Alfredo Burlando, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu lile giza la 2008, alionesha kwamba kipato cha watu waliotegemea umeme kilishuka, na kwamba watoto ambao mama zao walikuwa na mimba changa wakati ule walizaliwa, kwa wastani, na uzito pungufu. Tazameni jinsi kebo iliyochakaa inavyomfikia hata mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Nchi tajiri nazo zina mashaka hayo hayo. Chini ya barabara za London na New York zingali zimelala kebo za karatasi iliyolowekwa mafuta na kufunikwa kwa gamba la risasi. Kuziunga kebo hizo ni sanaa inayohitaji mkono mtulivu, nao wanaoijua wanastaafu, kwa kuwa vijana hufundishwa zaidi kebo za plastiki. Sisi wa Mpanda jambo hili latugusa kwa namna ya pekee, maana risasi tunaijua. Katika miaka ya 1950 ardhi yetu ilichimbwa madini hayo, na reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya mgodi huo. Mgodi ulikwisha, wenye ujuzi wakatawanyika, na leo kijana wa Mpanda hawezi kukueleza namna kazi ile ilivyofanyika. Tumekwisha onja namna ujuzi unavyoondoka bila kuaga.

Wapo watakaosema: kwa nini tusing'oe nyaya zote za zamani na kuanza upya? Penye uwezo, na ifanyike hivyo; mimi wa kwanza nitaunga mkono. Lakini shule yenye madarasa kumi na ukumbi haing'olewi kwa siku moja, na kamati yake haina fedha hizo. Zaidi ya hayo, hata kung'oa kunahitaji mtu anayejua kipi ni moto na kipi si moto. Wengine watasema kwamba mafundi wazee nao wana makosa yao. Ni kweli. Wapo waliozoea kufunga kipande cha waya mnene mahali pa fyuzi, na wapo wanaoona kifaa cha kukata umeme unaovuja kuwa ni anasa. Sisemi kwamba uzee ni ubora. Nasema kwamba kijana ana kanuni na mzee ana kumbukumbu, na nyumba ya zamani inawahitaji wote wawili kwa wakati mmoja.

Katika kitabu cha Kutoka, Bezaleli na Oholiabu hawakujaliwa ustadi wa mikono tu, bali pia uwezo wa kuwafundisha wengine. Ufundi usio na mwanafunzi ni nusu ya kipaji.

Nipendekeze basi mambo manne ambayo hayahitaji kusubiri mtu kutoka mbali. Kwanza, kila kamati ya ujenzi, iwe ya parokia, ya shule au ya zahanati, itenge fungu la ukaguzi peke yake, lisilohesabiwa kwa pointi, na fundi alipwe kwa siku. Kabla ya kuongeza hata taa moja katika jengo la zamani, nyaya zipimwe kwa kile kipimo ambacho mafundi hukiita mega, kwa volti 500, na matokeo yaandikwe. Yakiwa chini ya megaomu 1, pasiongezwe kitu mpaka sababu ijulikane.

Pili, karibu na kila bodi ya umeme libandikwe karatasi linaloeleza rangi zinazotumika ndani ya jengo hilo, mwaka nyaya ziliposukwa, na mahali zilipoungwa za zamani na mpya. Karatasi hilo laweza kuandikwa kwa kalamu na kufunikwa kwa nailoni. Gharama yake haifiki bei ya soda, nalo laweza kuokoa mkono wa mtu.

Tatu, mafundi wazee wetu wahimizwe kutumia mpango wa VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ili wapate cheti cha kile wanachokijua, na kurekebishwa katika kile wasichokijua. Tuwasindikize, tuwasaidie ada na nauli. Ni aibu kwetu sisi, wala si kwao, kwamba mtu aliyewasha nusu ya kata anatajwa kama kibarua.

Nne, tukimwita mzee kwa kazi, tukubali aje na kijana, na tumlipe kijana huyo hata kama siku hiyo ameshika tochi tu. Anayeshika tochi ndiye anayeona. Baada ya miaka mitano yeye ndiye atakayefungua kisanduku, akae kimya dakika mbili, na atambue ni watu wangapi walipita mahali pale.

Mzee niliyemtaja hapo juu ana umri wa miaka sabini na kitu, na magoti yake hayapandi ngazi tena. Macho bado yanaona na ulimi bado unaeleza. Sijui tumebakiwa na miaka mingapi ya kumsikiliza, ila najua kwamba nyaya alizozifunga zitabaki kutani mwetu baada yake. Wenye nyumba, wajumbe wa kamati, wazazi wenye vijana waliomaliza chuo: wazee wa namna hiyo wamo katika kila kigango. Watafuteni juma hili.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye amani.

Paroko wenu,
Mwamkulu, Mpanda